Betri ya Mbali

Sijawahi kumheshimu mtu anayeleta betri ya gari kuchajiwa huku ameilaza ubavu kichwani. Maji makali yanamchuruzika mgongoni, yanamtoboa shati, naye anafika na salamu zake zote na kuniuliza kwa nini betri yake haikai na moto. Kwa miaka mingi nilikuwa na kibanda cha kuchaji betri pale Buzebazeba, mjini Kigoma, na kila asubuhi niliufungulia ujinga wa namna hiyo mlango. Mmoja alitia maji ya chumvi kwa sababu alisikia chumvi inaongeza nguvu. Mwingine, mtu mzima mwenye wajukuu, aliongeza maji ya ziwani na kunieleza kwamba ziwa letu ni safi kuliko maziwa yote. Niliwajibu wote kwa mdomo mchungu, wakanizoea. Walisema fundi ana maneno lakini betri yake haikuangushi, nami nikalichukua hilo kuwa sifa.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa mkali kwa shemeji yangu peke yake. Nilikuwa mkali kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba ukali wangu kwa wengine haukumtoa mtu nyumbani kwake.

Shemeji alikuwa mkimbizi. Nalitaja neno lenyewe kama tulivyolitaja miaka ile, kwa kubana pua kidogo. Alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, vita vilipowafikia kwao, ndani ya boti iliyojaa watu mpaka maji yakawa yanaingia. Wenzake walipandishwa malori wakapelekwa kambini. Yeye alibaki Ujiji kwa sababu alikuwa hoi kwa homa, na dada yangu, aliyekuwa akiuza uji na vitumbua karibu na walipotelemkia, alimpa chumba cha uani apumzike siku mbili. Homa ikaisha, siku mbili hazikuisha. Ndoa yao ilihudhuriwa na watu sita, na mmoja wa hao sita ni mimi, niliyekaa muda wote nikitazama nje.

Dada amenizidi miaka kumi na miwili. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyeninunulia sare na madaftari, ndiye aliyekwenda kumbembeleza fundi umeme wa kwanza anipokee nijifunze kazi. Nilitaka aolewe na mtu mwenye cheo. Hata karani ningemkubali. Akaolewa na mtu aliyetua na suruali mbili na biblia iliyolowa maji.

Amri ilikuwa wazi, wakimbizi wakae kambini. Aliyekutwa mjini bila kibali alipandishwa gari, na hakuna aliyeuliza kama ana mke. Basi mtaa mzima ulikubaliana bila kikao kwamba shemeji ni mtu wa vijiji vya kusini, huku huku kwetu, kule ambako meli inapita mara moja moja na hakuna wa kwenda kuulizia. Kwa watu wa Ujiji hilo halikuwa jambo kubwa. Nusu yetu babu zetu walitoka ng'ambo, na Kiswahili chetu kina viraka vya Kiha hapa na vya Kimanyema pale. Maofisa walioletwa kutoka mikoa mingine hawakuweza kututofautisha, kwao sote tulikuwa watu tusiojua kuzungumza. Mbele yao shemeji aliishi kwa maneno manne: "Ndiyo, Mzee" na "Hapana, Mzee." Kila mmoja wetu alijua kwamba siku siri hiyo ikivuja shemeji ataondoka, na dada yangu ataondoka naye.

Nilimdharau mtu huyo. Nilimdharau kwa upole wake, kwa kunipokea mkono wangu kwa mikono yake miwili, kwa kusema "aksanti" badala ya asante hata baada ya kusahihishwa mara mia. Nilimdharau zaidi kwa shati. Alikwenda ziwani na shati lililopigwa pasi, akifika kwenye boti analivua, analikunja, analiweka kwenye mfuko wa nailoni, na akirudi nchi kavu analivaa tena na kufunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Mvuvi gani anapiga pasi? Dada alimpakulia chakula kabla yangu, kwenye nyumba niliyokulia mimi. Leo naweza kusema ulikuwa wivu. Wakati ule niliuita akili.

Kulikuwa na shirika moja la misaada lililofunga shughuli zake, likafanya mnada wa vitu vyake vyote. Mji mzima ulikwenda kununua visivyowahusu. Tajiri mmoja alinunua friji ya kuwekea chanjo, akaifanya kabati la kofia. Mwalimu mmoja alitoka na mahema mawili makubwa ambayo uwanja wake haukuwa na nafasi ya kulitandaza hata moja. Shemeji na dada walitoa akiba yao wakanunua injini ya boti yenye stata, na pamoja na injini wakapewa kisanduku ambacho watu wa shirika walikitumia wasigonge miamba walipokuwa wakishusha mizigo ufukweni. Pale bandarini Kibirizi waliokiona walikiita kioo, na jina likabaki.

Kilikuwa na ukubwa wa daftari la shule, kina uso wa kijivu na waya mweusi mrefu. Mwisho wa waya kuna kipande kinachokaa ndani ya maji nyuma ya boti. Kipande hicho hupiga sauti kwenda chini na kusikiliza inavyorudi, na kioo kinachora: huu ni mwamba, huyu ni samaki, hapa ni patupu. Wavuvi wa dagaa walikicheka, maana wao wanasubiri giza la mwezi na taa zao na hawahitaji kuchorewa. Nami nilicheka, nikasema ziwa letu lina kina kiasi kwamba ukitoka kidogo tu ufukweni kile kisanduku kitapiga kelele kisipate jibu. Lakini shemeji hakuwa mtu wa dagaa. Alivua mchana kwa mishipi, akitafuta samaki wakubwa, kuhe na sangala, wanaokaa pembeni mwa miamba, na kwa uvuvi wa aina hiyo kujua mwamba unaishia wapi ni nusu ya kazi. Nililijua hilo hata nilipokuwa nacheka.

Akakifunga kwenye betri ya injini. Kila alipowasha, stata ilikunywa moto wote kwa mkupuo mmoja, kioo kikazimika, kisha kikawaka upya na kuanza mambo yake toka mwanzo. Injini ikishashika, likaja la pili. Umeme wa injini uliingia kwenye waya na kukichafua kioo, kikajaa vidoa kutoka juu mpaka chini. Shemeji aliviona vidoa akaamini ni samaki. Kwa wiki nzima alishusha mishipi juu ya samaki waliotengenezwa na injini yake mwenyewe. Akizima injini, samaki wanatoweka, naye anasema wamekimbia. Mtu mwingine angekitupa kile kitu ziwani. Yeye aliandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri wa kanisani, mahali alipokuwa, saa, na wingi wa vidoa.

Alikuja na daftari hilo kibandani kwangu mchana mmoja nikiwa nakula. Akasimama pembeni akisubiri nimalize, jambo ambalo pia lilinikera. Nilipomwuliza ana shida gani alinieleza yote kwa utaratibu, tangu kuzimika hadi vidoa. Kabla hajafika katikati nilishajua tatizo. Ilikuwa kazi ya kuchora mistari miwili kwenye vumbi kwa kijiti: injini na betri yake, kioo na betri yake, visikutane popote. Sikuchora. Nilikuwa na tonge mkononi, na mbele yangu kulikuwa na mtu ambaye sikuona sababu ya kuliacha kwa ajili yake.

Nikamwambia, "Betri ya kioo iwe mbali na betri ya injini. Umeelewa?"

"Nimesikia, shemeji. Aksanti sana."

Nikamwazima betri moja nzuri, kwa ajili ya dada, akaibeba imesimama wima kifuani kama inavyotakiwa. Hilo nililiona na sikulisemea chochote. Sasa, fundi yeyote wa hapa ukimwambia hii iwe mbali na ile, anaelewa kila moja ijitegemee, isiguse nyingine. Sikujiuliza mtu wa ng'ambo analisikiaje neno hilo.

Siku ya tatu niliteremka Kibirizi kupeleka betri za watu. Boti ya shemeji ilikuwa imefungwa karibu na wanawake waliokuwa wakianika dagaa, naye yumo ndani akiipangusa. Nyuma kuna injini na betri yake. Betri yangu siioni. Nikaingia, nikatafuta, nikaikuta mbele kabisa, kwenye ncha ya boti, ndani ya sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe, lenye kifuniko na bawaba za ngozi. Kutoka kwenye sanduku zilitoka nyaya mbili ndefu zilizopita chini ya mbao za kukalia, zimeviringishwa mpira wa baiskeli, zimefungwa uzi kila baada ya kiganja, kazi safi ambayo mimi mwenyewe nisingekuwa na subira nayo. Zilikwenda mpaka nyuma. Huko nyuma zilikuwa zimefungwa kwenye vichwa vya betri ya injini, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na hapo ndipo kioo kilipochukulia moto wake. Betri mbili zilizoshikana mikono kutoka ncha hii ya boti hadi ile.

Nikamwuliza hii ni nini.

"Ni betri, shemeji. Ulisema ikuwe mbali. Njo nimeiweka mbali."

"Na nani kakwambia uipeleke mpaka huku mbele?"

Aligeuka akaitazama ncha ya boti, akayatazama maji yaliyokuwa mbele yake, akarudi kwangu na upole wake wote.

"Mbali kupita apa," akasema, "ni mu maji."

Nilicheka mpaka nikakaa. Nikawaita wapagazi, nikawaita wavuvi wa boti za jirani, nikamwambia arudie. Akarudia. Wanawake wa dagaa waliacha kazi wakamsikiliza, wakacheka na wao, na yeye akacheka pamoja nasi huku ameshika kitambaa chake cha kupangusia. Alikuwa anatazama nyuso zetu moja baada ya nyingine. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu avuke ziwa watu wengi kiasi kile kumtazama kwa furaha.

Kazi yenyewe niliimaliza haraka. Nilizikata zile nyaya ndefu, nikalileta sanduku karibu na alipokaa, nikakipa kioo betri yake peke yake. Kisha tukatoka wote wawili kujaribu. Aliwasha injini na kioo hakikutikisika. Hakukuwa na kidoa hata kimoja. Mstari wa chini ulionekana mweusi na mnene, ukateremka taratibu, halafu ukakatika ghafla mahali mwamba unapoishia na kina kinapoanza, na juu kidogo ya ukingo ule zilikuwepo alama tatu zilizopinda kama nyusi. Shemeji alizima injini, akashusha mshipi, akangoja bila kupumua. Alipandisha kuhe mmoja mkubwa, wa njano, akampiga kichwani kwa kipande cha mti, akaweka mkono wake uliolowa begani kwangu. Niliutoa. Jioni aliniletea samaki yule nyumbani, amemsafisha tayari, nami nikamla na mifupa nikaifyonza.

Ningeliacha jambo pale ningekuwa mtu tu mwenye mdomo. Lakini hadithi ile ilikuwa nzuri, na hadithi nzuri zilikuwa adimu miaka ile. Habari za siku zote zilikuwa maboti yaliyozama, malori ya kambini, bei ya sabuni. Niliisimulia kibandani, nikaisimulia kwa kinyozi, nikaisimulia kule Simbo kwenye harusi ya watu nisiowajua vizuri. Kila mara niliinoa. Nilijua wapi pa kumeza mate. Nilijua kufunga kifungo cha shingoni kabla ya kuanza, kuinamisha kichwa, na kungoja pumzi mbili kamili kabla ya "mu maji". Ile "ikuwe" yake, ile "njo" badala ya "ndiyo", ile "apa" isiyo na herufi ya kwanza, niliziweka mdomoni mwangu vizuri kuliko yeye mwenyewe. Ilifika mahali watu wakaja kibandani mikono mitupu, bila betri, vijana wakasema, "Fundi, tupe ile ya betri basi," nami nikawapa.

Dada alinifuata asubuhi moja kabla sijafungua. Hakutaka kukaa.

"Mdogo wangu, nimesikia unamwigiza mume wangu."

"Natania tu. Hata yeye anacheka."

"Yeye atacheka mkimchekea. Simulia betri ukitaka. Sauti yake uiache."

"Bila sauti haichekeshi."

"Basi isichekeshe," akasema. "Unajua tunaishi vipi. Watu wa hapa wanajua na wamenyamaza. Wewe unawafundisha wasiojua."

Nikamwahidi. Nilikaa siku tisa au kumi bila kuisimulia, na nilijiona nimejinyima kitu kikubwa. Kisha akaja ofisa.

Alikuwa mmoja wa wale waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa ya kati, ofisi yake inashughulika na wageni, na alituonyesha wazi kwamba kuletwa Kigoma ni adhabu. Alivaa tai kwenye vumbi. Alilalamika kwamba huku watu wanakula samaki kila siku, kana kwamba tulimzuia kufuga ng'ombe. Alileta betri ya televisheni yake kwa sababu umeme wa mji ulikuwa umekatika siku ya nne na mimi nilikuwa na jenereta, akakaa kwenye benchi langu akijipepea kwa bahasha, na akaniambia muuza chai wake amemsifia hadithi yangu moja. Nilimdharau mtu yule tangu soli hadi utosi. Kwa sababu hiyo hasa nilitaka acheke. Nikafunga kifungo cha shingoni, nikamsimulia.

Alicheka sana. Akatoa leso, akajifuta, akaniuliza huyo shemeji yangu ni mtu wa wapi.

"Wa kusini huko, Mzee. Vijiji vya ziwani."

"Na wewe?"

"Wa hapa hapa."

"Sasa kama wote ni watu wa ziwa moja, pwani moja," akasema, bado anatabasamu, "wewe unaigiza nini?"

Nikamjibu kwamba naigiza ujinga wake. Akacheka tena, akachukua betri yake, akaondoka. Sikupoteza usingizi. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kichwani mwa mtu yule hamna kitu, na uamuzi wangu kuhusu watu haukuwa na rufaa.

Wiki iliyofuata walikuja kumchukua shemeji, kwa adabu, wakaitaja ile hadithi ya betri, wakatoa karatasi. Karatasi nyingine ilikuwa yangu, niende kesho yake saa nne kama mtu anayemfahamu. Dada alilala bila mume. Asubuhi alikuja na shati lililopigwa pasi ili nimpelekee, akaninyooshea kola yangu kama nilipokuwa naenda shule, akaniambia, "Wakiuliza, sema uliitunga ile sauti. Sema ni wewe. Hawana kitu kingine."

Ni kweli hawakuwa na kitu kingine. Nililiona hilo nilipoingia. Shemeji alikuwa kwenye benchi ukutani, amejibu "Ndiyo, Mzee" na "Hapana, Mzee" tangu jana. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameandika barua kwamba anamfahamu na ni mtu wa kusini. Kwenye meza kulikuwa na jalada jembamba, na nyuma ya meza yule ofisa na wenzake wawili, na pembeni mwanamke mpiga chapa. Ofisa alikuwa na haya kidogo. Nadhani wenzake walikuwa wamemwuliza kama kweli amemfungia mtu kwa sababu ya kichekesho.

"Fundi," akasema, "wenzangu hawajaisikia ile ya betri. Wasimulie kama ulivyonisimulia mimi."

"Niliitunga tu, Mzee."

"Vizuri. Tusimulie ulichotunga."

Nikaisimulia. Niliisimulia kwa sauti yangu, Kiswahili cha Buzebazeba, mikono nimeiweka magotini. Shemeji aliambiwa aweke betri mbali, akaiweka mbele ya boti, nikamwuliza kwa nini, akanijibu kwamba nilimwambia iwe mbali, na mbali zaidi ya hapa ni kwenye maji. Basi.

Hakuna aliyecheka. Mpiga chapa aliangalia kucha zake. Ofisa alilivuta jalada karibu, akalifunika. Kwenye benchi nilimwona shemeji akishusha mabega, taratibu, kama mtu anayetua mzigo asiotaka usikike. Yalikuwa yamekwisha. Nilitakiwa kuinuka, kusema kwaherini wazee, na kutoka na mume wa dada yangu.

Mmoja wa wale wawili akasema, "Ndiyo hiyo tu?"

Mwenzake akamjibu, "Watu wa huku hawana vichekesho. Wana samaki."

Nitalieleza kama lilivyokuwa, sitalipamba. Sikutishwa, sikupigwa, sikuahidiwa kitu. Nilikuwa nimekaa mbele ya watu wanne niliowadharau kuliko betri mbovu, na wao walikuwa wananiona mimi ni mtu mzito asiyejua kusimulia. Sikuweza kulibeba. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kifungo cha shingoni kabla sijaamua.

"Ngojeni," nikasema. "Sikuisimulia vizuri."

Nikawapa yote. Kichwa kilichoinama, "aksanti", "ulisema ikuwe mbali", "njo nimeiweka mbali". Nikageuka nikayatazama maji yasiyokuwepo, nikangoja pumzi mbili kamili, nikamaliza. Mpiga chapa aliegemeza paji la uso kwenye mashine yake. Yule aliyesema hatuna vichekesho alipiga meza kwa kiganja. Ofisa alicheka pamoja nao, akavua miwani, akaifuta, akalifungua jalada na kuomba kalamu. Shemeji alikuwa ananitazama. Hakuonyesha hasira, na hilo mpaka leo sijamsamehe.

Dada hakuruhusiwa kumwona mpaka siku ya gari la kambini. Jioni ya siku ile ya ofisini alikuja kibandani, nami nilikuwa najishughulisha na betri ambayo haikuwa na ubaya wowote.

"Walikuambia usimulie?"

"Walinilazimisha."

"Ulisimulia kwa sauti yako, au kwa yake?"

"Kwa yangu," nikasema.

Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanivuta kidogo, akaniambia nimefanya niliyoweza na Mungu atanilipa. Kisha akaenda kufunga magodoro, kwa sababu alikuwa ameamua kwenda naye.

Niliwatembelea kambini mara mbili. Injini na kioo vilikuwa vimeuzwa, shemeji analima mchicha nyuma ya hema, dada amekonda. Mara zote mbili aliwaita majirani zake waje kuniona. Aliwaambia huyu ndiye mdogo wangu aliyekwenda kututetea ofisini, akasimama mbele ya maofisa watatu, hakumtaja mtu vibaya. Majirani walinipa mkono mmoja mmoja. Shemeji alikuwa hapo hapo, anasikia kila neno. Alifuta kigoda kwa kiganja chake, akakisogeza karibu na miguu yangu.

"Ikala, shemeji," akasema. "Umetoka mbali."